Kodi ya Duka Lisilo Mlango: Somo la Kuchagua Mpango wa Kuuzia Katika Masoko ya Intaneti



Katika darasa yetu ya kila wiki tumeletewa suala na kijana mmoja katika wanafunzi wetu, nalo ni hili: "Mimi nataka kuuza bidhaa katika soko la intaneti. Nilipofungua akaunti niliambiwa nichague mpango: ama nilipe kidogo kila niuzapo kitu, ama nilipe ada ya kila mwezi, niuze nisiuze. Upi katika mipango hii miwili ulio bora?"

Suala hili laonekana dogo, na wengi hulijibu kwa kubonyeza kitufe kabla ya kufikiri. Lakini sisi twaona kuwa lastahiki somo zima, kwa sababu tumewaona kwa macho yetu watu wenye mikono hodari na bidhaa njema wakipoteza rasilimali zao, si kwa kuibiwa, wala si kwa kukosa wanunuzi, bali kwa kuchagua mpango usiowafaa. Na katika hao yumo mmoja ambaye khasara yake iko juu ya shingo yangu mimi mwandishi, kama itakavyokuja khabari yake mbele ya somo hili.

Jawabu kwa ufupi ni hili: mpango ulio bora ni ule unaolingana na mauzo uliyokwisha kuyahesabu, si ule unaolingana na mauzo unayoyatumai. Na jawabu kwa urefu ndilo litakalofuata. Twamwomba msomaji achukue karatasi na kalamu, kwani somo hili ni la hesabu, na hesabu haifahamiki kwa kusikiliza tu.

I. MALIPO NI YA AINA NGAPI?

Kabla ya kuchagua, yapasa mtu ajue anacholipia. Soko la intaneti humtoza muuzaji malipo ya aina tatu, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni kodi. Hii ndiyo ada ya mwezi. Wailipa ili upate mahali pa kuweka bidhaa yako, kama vile mtu akodivyo duka mjini. Mwenye duka hakuulizi umeuza nini. Mwezi ukiisha ataka kodi yake.

La pili ni udalali. Haya ni malipo yanayokatwa katika bei ya kila kitu kilichouzwa. Usipouza, hakuna kinachokatwa. Huyu ni mfano wa dalali wa nyumba au wa ng'ombe: hapati ila biashara ikitimia.

La tatu ni ada ya tangazo, nayo ni malipo ya kuiweka bidhaa mbele ya macho ya watu, iwe imenunuliwa au haikununuliwa.

Aliyesoma fiqhi ataona kuwa mambo haya si mageni kwake. Katika vitabu vyetu mna mlango wa ijara, nayo ni kukodi manufaa kwa muda maalum na kwa ujira maalum. Na mna mlango wa ju'ala, nayo ni ujira apewao mtu akishatimiza jambo aliloahidiwa malipo kwalo. Mashine zimebadilika, ama asili ya mapatano ni ile ile.

Basi tofauti kubwa baina ya mipango ni hii: mpango mdogo humwachia muuzaji udalali tu, au udalali na nyongeza ndogo, na mpango mkubwa humtoza kodi, kisha humpunguzia baadhi ya yale mengine. Angalia neno "baadhi". Wako wengi wanaodhani kwamba mtu akishalipa ada ya mwezi amemalizana na soko. Sivyo. Udalali hubaki pale pale.

II. MFANO WA KWANZA: KUHESABU VINAVYOUZWA

Tuchukue soko lijulikanalo zaidi, nalo ni Amazon la Marekani. Kampuni hii ilianzishwa na Jeff Bezos mwaka 1994, ikaanza kwa kuuza vitabu, na mwaka 2000 ikawafungulia wauzaji wengine nao waweke bidhaa zao humo. Leo muuzaji apewa mipango miwili. Wa kwanza ni wa mtu binafsi: hana ada ya mwezi, lakini hutozwa senti 99 za dola kwa kila kitu kimoja kiuzwacho. Wa pili ni wa mfanyabiashara: hulipa dola 39.99 kila mwezi, auze kitu kimoja au elfu moja, wala hatozwi zile senti 99. Na wote wawili hulipa udalali, ambao katika aina nyingi za bidhaa ni baina ya 8 na 15 katika kila mia ya bei.

Sasa tuulize: ni vitu vingapi mtu aviuze ndipo mpango wa pili uwe rahisi kuliko wa kwanza? Gawanya 39.99 kwa 0.99, utapata 40 na kitu. Mwenye kuuza vitu 40 kwa mpango wa kwanza atalipa dola 39.60, yaani bado amepunguza. Mwenye kuuza vitu 41 atalipa dola 40.59, yaani amezidisha. Basi mpaka ni kitu cha arubaini na moja. Chini yake mpango wa kwanza ni bora kwa hesabu ya ada; juu yake, wa pili.

Ukienda katika soko hilo hilo la Uingereza utakuta hesabu nyingine: senti 75 za pauni kwa kila kitu, au pauni 25 kwa mwezi, kabla ya kuongezwa kodi ya serikali. Huko mpaka ni kitu cha thalathini na nne. Kwa hivyo mtu asichukue hesabu ya nchi moja akaitumia katika nchi nyingine.

Na ili jambo hili lifahamike, tuwalete Zaidi na Amri, wale ambao waalimu wetu wamezoea kuwapigia mifano. Tuseme wote wawili wako Marekani, na wote wauza kitu cha namna moja kwa dola 20. Kila kimoja wamekinunua kwa dola 9, gharama ya kumfikishia mnunuzi ni dola 5, na udalali wa soko ni 15 katika mia, yaani dola 3. Basi katika kila kitu yabaki dola 3 kabla ya kutoa gharama ya mpango.

Zaidi auza vitu 12 kwa mwezi. Yabaki mikononi mwake dola 36. Akiwa katika mpango wa mtu binafsi atatoa dola 11.88, na faida yake itakuwa dola 24.12. Akiwa katika mpango wa mfanyabiashara atatoa dola 39.99, na badala ya faida atapata khasara ya dola 3.99. Mtu ni yule yule, bidhaa ni ile ile, na wanunuzi ni wale wale. Kilichogeuza faida kuwa khasara ni kitufe kimoja alichokibonyeza siku ya kwanza.

Amri auza vitu 90 kwa mwezi. Yabaki kwake dola 270. Katika mpango wa mtu binafsi atatoa dola 89.10, abakiwe na dola 180.90. Katika mpango wa mfanyabiashara atatoa dola 39.99, abakiwe na dola 230.01. Huyu naye akibaki katika mpango mdogo kwa kuogopa kodi, ajinyima dola 49.11 kila mwezi.

Kwa hivyo sisi hatusemi kuwa mpango mkubwa ni mbaya, wala hatusemi kuwa mdogo ni mzuri. Twasema kila mmoja una mtu wake.

III. KUJIHADHARI NA WASTANI

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata wajuao hesabu. Tuseme muuzaji mmoja huuza vitu 10 kila mwezi kwa miezi kumi, kisha katika Novemba na Disemba, wakati watu wa Marekani wanaponunuliana zawadi, huuza vitu 150 kila mwezi. Kwa mwaka ni vitu 400. Ukigawanya kwa 12 utapata 33 na kitu, nayo ni chini ya 41. Basi mtu atasema: na achukue mpango mdogo mwaka mzima. Atalipa dola 396. Na mwingine atasema: la, achukue mkubwa mwaka mzima. Atalipa dola 479.88.

Wote wawili wamekosa. Maadamu soko hili laruhusu mtu kuhama kutoka mpango mmoja kwenda mwingine, na akae katika mdogo miezi kumi, alipe dola 99. Kisha ahamie mkubwa miezi miwili, alipe dola 79.98. Jumla ni dola 178.98. Amempita wa kwanza kwa dola 217.02, na wa pili kwa dola 300.90.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani babu zetu walikuwa wakisafiri kwa misimu ya pepo. Nahodha hakupandisha tanga moja mwaka mzima. Alijua wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Basi muuzaji naye na aijue misimu ya bidhaa yake, aihesabu mwezi kwa mwezi, wala asijidanganye kwa wastani wa mwaka.

IV. MFANO WA PILI: KUHESABU VINAVYOWEKWA

Si kila soko huhesabu vilivyouzwa. Liko soko linalohesabu vilivyowekwa. Mfano wake ni eBay, lililoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995 huko California. Muuzaji asiye na duka la ada hupewa matangazo 250 bila ya malipo kila mwezi, na kila tangazo linalozidi hapo ni senti 35 za dola. Anayetaka duka hupewa daraja tano, tangu ile ndogo ya dola 4.95 kwa mwezi hata ile kubwa ya dola 2,999.95, kwa mwenye kufunga mkataba wa mwaka.

Tuitazame daraja ya pili, iitwayo Basic, ambayo wengi huielekea. Kwa mkataba wa mwaka ni dola 21.95 kwa mwezi; kwa mwenye kulipa mwezi kwa mwezi ni dola 27.95. Hapo muuzaji hupewa matangazo 1,000 ya bei maalum. Je, ni nani imfaaye? Gawanya 21.95 kwa 0.35: utapata 62 na kitu. Basi mwenye matangazo 63 zaidi ya yale 250, yaani 313 kwa mwezi, ndiye aanzaye kufaidika. Na kwa mwenye kulipa mwezi kwa mwezi mpaka ni matangazo 330. Aliye na bidhaa 80 ndani ya sanduku lake, hata akiwa hodari namna gani, hana haja ya nafasi elfu moja.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Tangazo la bei maalum katika soko hilo hujifufua lenyewe kila mwezi mpaka bidhaa inunuliwe au mwenyewe aliondoe, na kila linapojifufua huhesabiwa kuwa tangazo jingine. Kwa hivyo bidhaa iliyolala miezi sita imehesabiwa mara sita. Huenda mtu akadhani amepungukiwa na nafasi, na kumbe aliyopungukiwa nayo ni ufagio. Kabla ya kukodi duka kubwa, mtu na aondoe kwanza vile visivyonunuliwa.

Mwenye daraja hiyo hupunguziwa pia udalali, lakini kiasi chenyewe hakifiki senti moja katika kila dola. Mwenye kuuza kwa dola 200 kwa mwezi hatapata hata dola mbili kwa punguzo hilo, na hali ametoa dola 21.95.

Kisha kuna mas-ala ya mkataba wa mwaka. Kwa mwaka mzima, mkataba hugharimu dola 263.40, na kulipa mwezi kwa mwezi hugharimu dola 335.40. Tofauti ni dola 72, nayo si ndogo. Lakini mwenye kuuvunja mkataba kabla ya wakati wake hutozwa ada ya kuuvunja. Basi mtu mgeni afanyeje? Twaona alipe mwezi kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza. Zaidi atakayotoa ni dola 18 tu, nayo ndiyo thamani ya kuwa huru wakati hajajua kama biashara itasimama. Ikishasimama, afunge mkataba wa mwaka kwa moyo uliotulia.

V. VITU VYA ZAWADI NDANI YA MPANGO

Masoko mengine hayasemi "lipa kodi", bali husema "chukua fungu lenye zawadi". Etsy, soko la vitu vya kazi za mikono lililoanzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, lilipoleta mpango wake wa Plus mwaka 2018 lilitaka dola 10 kwa mwezi, na ndani yake likatoa matangazo 15 na dola 5 za kujitangaza kwa malipo. Tangazo moja huko lilikuwa senti 20. Basi matangazo 15 ni dola 3. Ongeza 5, utapata dola 8. Mtu ametoa 10 akarejeshewa vitu vya dola 8, na visipotumiwa katika mwezi wake hupotea, havisongezwi mbele. Zile dola mbili zilizobaki ni thamani ya mambo mengine, kama vile namna za kulipamba duka.

Hatusemi kuwa huo ni udanganyifu. Masharti yalikuwa wazi kwa mwenye kuyasoma. Tusemalo ni kwamba zawadi iliyo ndani ya mpango haina thamani ila kwa yule ambaye angaliinunua hata kama hakupewa. Kama hukuwa na nia ya kulipia matangazo, basi hukupewa dola 5, umeuziwa.

VI. MANUFAA YASIYOHESABIKA KWA TARAKIMU

Kwa ajili ya insafu, yatupasa tueleze pia yale ambayo mpango mkubwa hutoa na mdogo hautoi, kwani mengine hayaonekani katika kugawanya na kujumlisha.

Katika Amazon, bidhaa moja huwa na ukurasa mmoja, na wauzaji wengi hukusanyika hapo. Mmoja wao ndiye huwekwa mbele, penye kitufe cha kununulia, na wengine hukaa nyuma yake. Mwenye mpango wa mtu binafsi hastahiki kuwekwa mbele. Pia mwenye mpango mkubwa aweza kupandisha bidhaa nyingi kwa mara moja kwa kutumia jedwali, kuomba ruhusa ya kuuza aina za bidhaa zilizozuiliwa, kununua nafasi za kujitangaza, na kupanga mwenyewe gharama za kupeleka mizigo ya bidhaa nyingi.

Kwa hivyo mtu anayeuza kitu ambacho wengine kumi wakiuza katika ukurasa ule ule, huenda mpango mkubwa ukamfaa hata akiwa auza vitu 30. Na mtu anayeuza kazi ya mkono wake mwenyewe, ambayo hakuna mwingine anayo, hana wa kushindania naye mahali pa mbele. Basi muuzaji na ajiulize kwa kila manufaa: "Je, mimi nitalitumia hili mwezi huu?" Asijiulize: "Je, hili ni zuri?" Mambo mazuri ni mengi, na mfuko ni mmoja.

VII. KISA CHA MSHONAJI WA KOFIA

Sasa naja katika lile nililoliahidi. Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mjane, ashonaye kofia za viua. Wasomaji wajua kuwa kofia ya namna hii haiharakishwi. Kila tundu hupigwa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, na kofia moja humchukua zaidi ya mwezi. Mwanawe aliye ng'ambo alimfungulia akaunti katika soko moja la intaneti, na wakaja kwangu kutaka shauri juu ya mpango.

Mimi niliwashauri mpango mkubwa. Nilisema: "Kazi ya mama ni ya daraja ya juu, basi na mpango wake uwe wa daraja ya juu." Maneno haya yalikuwa matamu, nao wakayakubali. Lakini sikuuliza suala moja ambalo mtoto wa chuoni angaliuliza: mama huyu ashona kofia ngapi kwa mwezi?

Ikapita miezi minane. Akauza kofia nne, na kwa bei nzuri. Siku moja mwanawe alipotazama khabari za kadi yake ya benki, aliona ada imekatwa mara nane. Walipojumlisha, ilikuwa ni bei ya kofia mbili na zaidi kidogo. Yaani katika kila kofia mbili alizozishona, moja na sehemu ya nyingine ilikwenda katika kodi ya nafasi ambazo mkono wake haukuweza kuzijaza hata lau angalishona usiku na mchana. Mama hakugomba. Aliniambia tu: "Maalim, kumbe miezi yote hii nalikuwa nikilishonea soko."

Nilimtaka radhi, naye alinisamehe. Akahamishwa katika mpango wa kulipa kwa kila kiuzwacho, na hadi leo auza kofia zake polepole, na kinachobaki ni chake. Lakini ada iliyokwisha kulipwa haikurudi. Soko halikumdhulumu, masharti yaliandikwa. Kosa lilikuwa la mshauri aliyetazama heshima ya kazi asitazame hesabu yake. Na ndiyo sababu ya kuandikwa somo hili.

VIII. SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: "Nikichukua mpango mkubwa nitalazimika kufanya bidii." Twajibu: bidii haikodiwi. Mwenye doti mbili za leso hakodi duka zima katika Biashara Street ili kodi imfukuze kitandani. Hununua doti mbili, akiuza hununua nne, na duka huja siku doti zitakapokosa mahali pa kukaa.

Na huenda mwingine akasema: "Mpango mdogo ni aibu, wanunuzi hawataniamini." Twajibu: mnunuzi hutazama picha, bei, maelezo, na maneno ya walionunua kabla yake. Uaminifu hupatikana kwa kupeleka kitu kama kilivyoelezwa na kwa wakati ulioahidiwa, nao hauuzwi katika mpango wowote.

Na mwingine husema: "Ada yenyewe ni ndogo, kwa nini tusumbuke?" Twajibu: dola 39.99 kwa mwezi ni dola 479.88 kwa mwaka. Ukibadilisha dola moja kwa shilingi 130, ni zaidi ya shilingi 62,000. Mtu akiombwa shilingi 62,000 kwa mara moja atakesha akifikiri. Akiombwa kidogo kidogo hutoa bila ya kufikiri. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo hukimaliza.

IX. MUHTASARI WA SOMO

Haya ndiyo twapenda msomaji ayahifadhi:

1. Anza na mpango mdogo mpaka upate hesabu ya miezi mitatu iliyoandikwa kwa mkono wako. Usichague kwa kutumai.

2. Tafuta mpaka wa mpango kwa kugawanya ada ya mwezi kwa kile unachotozwa katika mpango mdogo. Ukiuvuka miezi mitatu mfululizo, hama.

3. Jua soko lako lahesabu nini: vilivyouzwa au vilivyowekwa. Mwenye kuchanganya mawili haya hesabu yake yote huharibika.

4. Toa udalali na gharama za kupeleka kwanza, ndipo uitazame ada. Ikiwa faida ya kitu kimoja ni ndogo mno, hakuna mpango utakaoiokoa biashara hiyo. Tatizo liko katika bei au katika bidhaa.

5. Soma sharti za kutoka kabla ya kuingia. Uliza: nikitaka kuacha, nitalipa nini? Na ujue kuwa kuacha kuuza si kuacha kulipa. Amazon hukata ada katika fedha za mauzo, na zisipotosha huitoza kadi yako. Akaunti iliyolala katika mpango wa mwezi yaendelea kula mpaka mwenyewe aufute mpango huo.

6. Tazama viwango upya kila baada ya muda, kwani soko huvibadilisha. Aprili 2022 Etsy ilipandisha udalali wake kutoka 5 hadi 6.5 katika mia, na aliyeshikilia hesabu ya zamani alikuwa akiuza kwa faida iliyokwisha pungua.

7. Anayeshauri wengine na aulize kwanza: "Wauza vingapi?" Asipopata jawabu la tarakimu, asitoe shauri.

Masuala ya kujipimia, tutayasahihisha katika darasa ijayo:

(a) Muuzaji katika Amazon la Marekani auza vitu 25 kwa mwezi, na kila kimoja humbakishia dola 2 kabla ya kutoa gharama ya mpango. Mpe faida au khasara yake katika mipango yote miwili.

(b) Muuzaji katika eBay ana matangazo 290 kila mwezi, na 60 katika hayo hayajanunuliwa kwa mwaka mzima. Je, akodi duka la Basic, au afanye jambo jingine kwanza?

(c) Andika bidhaa ambayo wewe au jamaa yako angaliweza kuiuza, na idadi anayoweza kuitengeneza au kuipata kwa mwezi mmoja. Idadi hiyo ndiyo itakayokuchagulia mpango.

Suala hili la tatu ndilo dogo kuliko yote, nalo ndilo nililosahau kumuuliza mama wa kofia.

Wassalaam.